Volti Zinazopotea Njiani

Watu hulisifu gari la watalii kwa vinavyoonekana: paa linaloinuka, viti vilivyoshonwa upya, matairi ambayo bado yana vinyweleo. Mimi nikikabidhiwa gari la kwenda Hifadhi ya Ruaha nafungua boneti kwanza. Natazama nyaya za friji zinazotoka kwenye betri, kisha nazunguka nyuma na kuinama chini ya kiti cha mwisho nione zinaishia wapi. Nikikuta nyaya za unene wa waya wa spika ya redio, najua kabla hatujatoka mjini kwamba usiku wa pili wageni watakunywa maji ya uvuguvugu.

Nasema usiku wa pili kwa sababu wa kwanza hauna shida. Unaondoka Iringa asubuhi, friji imelala kwenye umeme wa nyumbani na imeshika baridi. Injini inazunguka njia nzima, Kalenga, Idodi, Tungamalenga, na alteneta inasukuma volti 14 bila kunung'unika. Hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita kama 130, na sehemu kubwa ni rafu rodi. Unafika soda zina jasho la baridi, wageni wanakuona bingwa. Mtihani unaanza pale unapozima injini.

Na friji yenyewe hujaribiwa mahali pabaya. Mji wa Iringa uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai watu wa Kihesa wanatembea na makoti mpaka saa nne asubuhi. Friji ikijaribiwa huko kompresa inanguruma kidogo, inanyamaza, inapumzika muda mrefu. Shuka nayo bonde la Ruaha mwezi Oktoba, joto limepita nyuzi 35 kivulini, uone kama itapata nafasi ya kupumzika. Mafundi wengi wa nyanda za juu wanaapa kwamba walikukabidhi kitu kizima. Hawakudanganyi. Wamekijaribu kwenye baridi yao.

Oktoba moja ya namna hiyo nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wastaafu. Mama yule alikuwa na kisukari, na insulini yake ya akiba ilikuwa kwenye friji yangu, ndani ya kikopo cha plastiki alichokizungushia taulo ili isiguse ukuta wa friji ikaganda. Alijua mambo yake. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda ni ya kutupa, ikipata joto inapoteza nguvu bila kubadilika sura. Kalamu anayoitumia mgonjwa kila siku inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne, ila joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina yake. Ruaha ya Oktoba haitambui sharti hilo.

Usiku wa pili friji ikazima. Alfajiri nilikuta taa ndogo nyekundu inamweka mara moja, inatulia, inamweka tena mara moja. Nikawasha injini, na friji ikanguruma papo hapo kama vile haijatokea kitu. Mpishi wa kambi akatupa nafasi kwenye friji yake ya gesi, insulini ikasalimika, safari ikaisha salama. Kilichobaki kunikera ni betri. Ilikuwa N70 mpya, na asubuhi ile iliwasha gari kwa mpigo mmoja. Betri inayozungusha injini ya dizeli ya lita 4.2 bila kusita inashindwaje na kifriji cha kubebwa mkononi?

Tuliporudi mjini, fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu, hakushika chombo chochote, akatamka: kompresa imekufa. Bei aliyotaja ilikaribia ya friji nyingine. Mwenye gari alikuwa tayari kulipa. Nikamwomba asubiri kidogo, nikapandisha gari Kihesa.

Huko nilikuwa nasikia habari za mzee mmoja, fundi umeme wa magari, mwenye kibanda cha mabati upande wa barabara iendayo Nduli na Dodoma. Nje kuna betri kuukuu zimepangwa kama matofali, ndani kuna benchi, feni isiyozunguka, na redio ambayo hazimi hata akiwa anazungumza na mteja.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Gari linaumwa nini?"

"Gari zima, mzee. Friji ndiyo inayoumwa."

"Nani kasema?"

Sikuwa na jibu la maana. Akaniagiza nijaze madumu mawili ya maji ya bombani, niyatie ndani ya friji, nishushe kidhibiti joto mpaka mwisho. Alitaka ifanye kazi kwa jasho, maana friji tupu kwenye hewa ya Kihesa haimwambii mtu kitu. Kisha akatoa mita yake, uso umepasuka, mgongo umefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili betri zake zisidondoke.

Alipima kwenye vichwa vya betri, friji ikiwa imezimwa: 12.5. Akaenda nyuma, akachomeka sindano za mita kwenye tundu la friji: 12.5. Akanitazama. Mpaka hapo fundi yeyote angefunga mita yake na kusema umeme upo. Mzee akawasha friji, akangoja kompresa ishike, akapima upya. Kwenye betri 12.4. Kwenye tundu 11.2, na kila kompresa ilipokuwa inaanza namba ilizama zaidi kwa muda wa kufumba jicho kisha ikapanda.

"Volti moja na ushee imekwenda wapi?" akauliza.

Nikasema labda tundu limelegea.

"Hilo nalo. Lakini nyingine imeliwa na waya."

Mtu wa Iringa hahitaji somo refu kulielewa hilo. Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake bonde la Usangu, chini ya milima ya Kipengere, na kule Mbarali mifereji ya mpunga ina maji hata kiangazi. Ila tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi miezi ya kiangazi, ukabaki madimbwi yenye viboko waliorundikana. Ukipima Usangu utaandika kwamba maji yapo, na utakuwa umesema kweli. Kiboko wa Msembe ana maelezo mengine. Friji yangu ilikuwa kiboko wa Msembe.

Mzee akaanza kuufuata waya kwa vidole, akiinua zulia kidogo kidogo. Aliyeufunga alikuwa ameuchomoa kwenye waya wa laita ya sigara chini ya dashibodi, akausokota kwa mkono, akazungushia utepe mweusi, akaupitisha chini ya zulia mpaka nyuma. Upande wa hasi aliukaza kwa skrubu kwenye bodi, juu ya rangi. Mzee alitia kisu, akakwangua ncha ya waya. Juu ilikuwa nyekundu ya shaba, ndani, nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Inauzwa bei ya chini kuliko shaba, na macho matupu hayaigundui mpaka uikwangue. Tangu siku ile sinunui waya bila kuomba nikwangue ncha, na wauza duka wengine hununa.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban om 0.0175 kwa kila mita. Kutoka kwenye betri hadi nyuma ya Land Cruiser ndefu ni mita kama 5, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Kwa waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani, unapata om 0.117, friji ikivuta ampea 5 umeshapoteza karibu volti 0.6 kabla hujagusa viungio, skrubu na tundu. Waya wa milimita 6 kwa safari ile ile unapoteza chini ya volti 0.15. Kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230, nusu volti haina mwenyewe. Kwenye mfumo wa volti 12, tofauti kati ya betri iliyojaa na betri iliyochoka kabisa haifiki hata volti moja. Ukipoteza volti moja njiani, umeiambia friji kwamba betri imekufa.

Na friji inaamini. Hizi zenye kompresa ya kweli zina kifaa kinacholinda betri ili gari liweze kuwaka asubuhi. Kwa kawaida kina ngazi tatu, na yangu iliwekwa ya juu: ikiona volti zimeshuka karibu na 11 inakata, na hairudi mpaka zipande zaidi ya volti moja juu ya hapo. Betri ilikuwa na 12.2, bado nusu nzima. Friji ilikuwa inaona 11. Ikafanya kazi yake kama ilivyoagizwa. Kompresa nyingi za friji hizi zina asili ya Danfoss, kampuni ya Denmark, ambayo kitengo chake cha zamani cha kompresa ndogo sasa kinaitwa Secop, na lugha ya taa yao ni ile ile: ikimweka mara moja ni ulinzi wa betri, mara tatu ni mota imeshindwa kuanza, mara tano ni joto limezidi. Taa ilikuwa imenieleza tatizo usiku kucha. Kompresa haikutajwa popote.

Kazi ya kufunga upya ilichukua mchana wote, na sehemu kubwa ya mchana huo mzee alikuwa anakataa mambo. Alikataa waya mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja, kwa kuwa mtikisiko wa rafu rodi huuvunja ndani ya ganda usijue. Akataka wenye nyuzi nyingi nyembamba, milimita 6, nyaya mbili kamili, chanya na hasi, zote zianzie kwenye vichwa vya betri. Alikataa kutumia bodi kama njia ya kurudia, ingawa mafundi wengi huitumia na wengine hufanikiwa. Alikataa tundu la laita. Lile lilibuniwa kuwashia sigara. Linashikilia kwa springi, na barabara ya Tungamalenga ina uwezo wa kulilegeza kabla ya chai ya saa nne. Badala yake aliweka plagi mbili bapa zinazoumana, zile zinazotumika kwenye betri za mashine za kunyanyulia mizigo.

Kwenye fyuzi tulibishana. Nilitaka ikae nyuma, karibu na friji, niifikie kirahisi. Mzee akaifunga kiganja kimoja tu kutoka kwenye kichwa cha chanya, ampea 15.

"Fyuzi hailindi friji," alisema. "Inalinda gari lisiungue. Waya ukichubuka hapa katikati ukagusa bodi, fyuzi yako ya nyuma itasaidia nini?"

Pale waya unapopenya ukuta wa injini aliweka raba, na kila baada ya shubiri akafunga kamba ya plastiki. Tulipopima tena, kompresa ikichapa kazi, betri ilisoma 12.4 na plagi ya nyuma 12.2. Friji ile ile, betri ile ile.

Ndipo nikatoa voltimita niliyoinunua, ile ndogo ya namba nyekundu. Nilidhani kuifunga ni kazi ya dakika tano: iunge kwenye waya wa friji pale nyuma, basi. Mzee akaniuliza nataka kujua hali ya betri au hali ya friji. Nikasema betri. Akasema basi ifuate betri yenyewe, kwa waya wake na kifyuzi chake cha ampea moja. Nikamuuliza, kwa ujanja kidogo, iweje yeye aliyeutukana waya mwembamba tangu asubuhi sasa anafunga voltimita kwa waya mwembamba. Akacheka. Voltimita haili kitu, alisema, inaonja tu. Mkondo ukiwa mdogo kiasi hicho hakuna cha kupotea njiani, kwa hiyo namba inafika ilivyo. Baadaye niliongeza ya pili kwenye plagi ya friji, nikaziweka zote mbili mbele yangu kwenye dashibodi. Moja inasema betri ina nini, nyingine inasema friji inapata nini, na tofauti yake ndiyo afya ya waya. Safari moja, baada ya Idodi, tofauti iliruka kutoka 0.2 hadi 0.7. Nikasimama chini ya mbuyu, nikafungua boneti, nikakuta taminali ya hasi inazunguka kwa mkono. Spana namba 10, tukaendelea. Wageni walidhani nimeona ndege.

Kuzisoma namba zenyewe kuna utaratibu wake. Injini ikizunguka unataka kati ya 13.8 na 14.4, ikibaki chini ya 13.2 tazama mkanda na alteneta kabla hujavuka geti la hifadhi. Ukizima injini, usiamini namba ya kwanza. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha 12.9 hata kama haijajaa, halafu inashuka taratibu. Ngoja saa chache, au washa taa kubwa kwa dakika mbili tatu uondoe hicho kiburi cha juujuu. Baada ya hapo 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na ukifika 12.0 zima friji, maana hapo unakula mtaji wa kuwasha gari. Pima kompresa ikiwa imepumzika. Na weka swichi kwenye voltimita. Ikivuta miliampea 20 tu mchana na usiku, mwezi mmoja wa masika gari likiwa limeegeshwa uani imekula karibu ampea-saa 14. Kwa N70, ambayo yote inabeba takriban 70, hizo si chache.

Hesabu hiyo ya ampea-saa ndiyo waajiri hawapendi kuisikia. Friji inayovuta ampea 4, ikifanya kazi nusu ya muda, inakula karibu 48 kwa siku. Betri ya kawaida ya kuwashia gari haitaki kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, itakufa mapema. Kwa hiyo N70 moja inakupa usiku mmoja wa amani, basi, na huo ni usiku wa Iringa. Wa Oktoba bondeni ni mfupi zaidi. Jibu ni betri ya pili, na relei inayoziunganisha injini ikizunguka tu, volti zikipita kama 13.3, na kuzitenganisha zikishuka kama 12.8. Waya mzuri hauzai umeme. Unafikisha uliopo.

Jamaa wa malori watanisamehe, lakini nitawataja. Kwenye barabara kuu ya Tanzam, Mafinga na Makambako, utakuta lori la volti 24, yaani betri mbili zimeungwa mfululizo, na dereva amechota volti 12 za redio au friji kwenye betri moja tu. Inafanya kazi, ndiyo. Betri moja inachoka, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zinauzwa kama chuma chakavu huku lawama zikipewa kiwanda. Kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 kipo na hakishindi bei ya betri mbili. Friji nyingi za kompresa hata hazikihitaji, zinapokea 12 na 24 zenyewe. Soma tu bati la nyuma.

Tangu mradi wa utalii wa REGROW uzinduliwe Iringa Februari 2018, habari za utalii wa kusini zimekuwa nyingi, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kaskazini yanazidi kuletwa huku. Kule gari linalala kwenye lodji yenye umeme, na mchana linazunguka. Ruaha gari linaegeshwa kwenye kambi, kilomita nyingi kutoka kwenye nguzo ya mwisho, na friji inabaki na betri yake usiku kucha. Mimi nikiulizwa, kila gari linaloletwa kusini ningelifungua nyaya kwanza kabla ya kulipaka nembo ya kampuni.

Kwa mwenye gari anayesoma hapa: friji yako ikizima usiku, usikubali bei ya kompresa mpaka fundi apime kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa ikiwa inafanya kazi, na madumu ya maji ya bombani yakiwa ndani. Akipima ikiwa imezimwa, mwambie arudie.